Punje Ishirini na Mbili za Nyapara

Mtu aliyeujua mpira kuliko wote niliopata kuwafahamu hakuwahi, kwa kadiri ninavyoweza kushuhudia, kutazama mechi moja mpaka mwisho. Juma zima kabla ya mechi alikuwa hana mazungumzo mengine. Siku yenyewe ilipofika, watu wakishuka uwanjani na vigoda vyao, yeye alibaki peke yake katika banda la kahawa akichambua. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kazi yake imekwisha. "Kinachobaki," alisema, "ni wachezaji kutii au kutotii."

Tulimwita Nyapara, kwa sababu alikuwa nyapara wa wanawake waliochambua kahawa katika banda la ushirika, mwendo wa saa moja kutoka Iyula. Alikuwa na jina, nami nalijua. Lakini hakuna aliyelitumia, hata mkewe, na sioni haki ya kuanza leo. Alikotoka na watu wake ni habari nitakazowaachia wanaozipenda. Mimi nitaandika niliyoyaona na kuyasikia katika miaka ya Mwingereza, nilipokuwa mwanafunzi na golikipa wa shule yetu ya misheni, na nitajitahidi kuyaandika kwa usahihi ambao yeye mwenyewe angeudai. Sikumpenda. Msomaji na alijue hilo mapema, ili ayapime maneno yangu.

Chombo chake kilikuwa ungo. Kazi ya banda ilikuwa hivi: buni zilizokwisha kukobolewa zilimwagwa juu ya meza ndefu, na wanawake wakazitoa kwa vidole punje mbovu, yaani nyeusi, zilizochacha, na zilizotobolewa na mdudu. Nyapara alipita nyuma yao na ungo wake, akachota konzi moja kutoka rundo la kila mmoja, akaitandaza na kuitazama. Akikuta punje mbovu iliyopita, aliiweka mbele ya mama aliyeipitisha, bila neno, naye mama yule akaanza rundo lake upya. Hakuwahi kupaza sauti. Wanawake walisema wangependa zaidi apige kelele.

Mechi ilipokaribia, ungo uleule ulibadilishwa kazi. Ijumaa saa kumi, wazee na vijana walipokusanyika mlangoni, alichagua punje kumi na moja za kwetu akazipanga upande mmoja, na kumi na moja za wapinzani akazipanga upande wa pili. Hakuzichukua ovyo. Nahodha wetu, Nzunda, alikuwa punje ya mviringo, ile ambayo hukua peke yake ndani ya tunda lake. Mawinga walikuwa punje nyembamba zilizokauka vizuri. Wapinzani nao walipata walichostahili, na hapo ndipo watu walipofurahi, kwa kuwa Nyapara aliwachukia wapinzani kwa moyo wake wote.

"Huyu ni beki wao wa kulia," alisema, akiinua punje kwa kucha mbili. "Amechacha. Nimemwona akipanda kilima cha kwao na debe la maji. Alipumzika mara mbili. Mtu wa milimani anayepumzika kilimani, huku bondeni atakimbia na nani?"

"Na mama yake," mtu alisema, na banda zima likacheka.

Wapinzani niliowataja walikuwa shule ya misheni ya milima ya Ileje. Uhasama kati yetu haukuwa wa mchezo. Walipokuja kwetu tuliwapa maji ya kunywa wakati wa mapumziko katika ndoo iliyokuwa imetumika kunyweshea ndama. Tulipokwenda kwao walitulaza katika zizi lililofagiliwa nusu, na nusu ile ilichaguliwa kwa makusudi. Sisi tulisema wao wanacheza kwa miguu ya mbuzi. Wao walisema sisi tunacheza kama watu wanaopalilia, tumeinama, tunasogea mstari mmoja. Ubaya wenyewe ni kwamba tulikuwa sawa. Mwaka ninaouzungumzia, kila upande ulikuwa umewafunga wengine wote katika wilaya, na tulipokutana wenyewe kwa wenyewe, mara zote mbili tulitoka sare. Ilibaki mechi moja ya kuamua kikombe, katika uwanja wetu, Jumamosi, na hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa tayari kusema kwa hakika nani atashinda, isipokuwa Nyapara.

Uhakika wake haukuwa wa majigambo. Mwezi mmoja kabla, alikuwa amekwenda Ileje kwa miguu, akisema anatafuta vikapu. Alirudi baada ya siku sita na vikapu saba, ambavyo mkewe hakuvipatia kazi mpaka mwisho, na elimu kamili ya safu yao ya mbele. Alikuwa amewatazama wakibeba, wakiruka mifereji, wakipokea ugali. Aliamini kwamba mtu huonyesha mguu wake wa kweli anapokuwa hajui kwamba anacheza.

Hapa sina budi kumpa haki yake. Katika maelezo yake yote alitenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia. Kila sentensi ilianza na "nimeona" au "nimeambiwa". Punje ya mchezaji ambaye alikuwa ameambiwa habari zake tu, aliiweka ukingoni mwa ungo, mbali na zile za katikati, na hakukubali isogezwe. Walimu walionifundisha baadaye, na vitabu nilivyovisoma, havikunieleza tofauti hiyo kwa uwazi zaidi.

Wala hakukubali kudanganya kwa ajili ya kufurahisha. Mshambuliaji wao, Kibona, alimtafutia punje bora kuliko zote zilizopita mezani siku ile, ya kijani kibichi, nzito, isiyo na doa. Wazee wakaguna.

"Nyapara, huyo ni adui."

"Ni adui mzuri."

"Tafuta basi hata yenye mkunjo."

"Mnataka niwadanganye?"

"Tunataka utufurahishe."

"Basi kamtafuteni mpiga zeze," alisema, na punje ya Kibona ikabaki mahali pake.

Mimi nilikuwa punje safi, iliyopangwa mwisho wa safu. Haikuwa kweli, na yeye alijua. Wiki mbili kabla ya mechi niliteleza kwenye mawe ya mto nikaangukia mkono wa kushoto. Kifundo kilivimba, kisha kikanywea, lakini hakikurudi kushika. Sikumwambia mwalimu wa michezo, kwa kuogopa kwamba golikipa wa akiba angechukua nafasi yangu. Siku moja nilipita bandani, mama mmoja akanipa kikombe cha uji. Nyapara aliniita kando.

"Unapokea kwa kulia, unaegemeza kwa kiwiko," alisema. "Mkono huo una siku ngapi?"

"Kumi, Nyapara."

"Mwalimu anajua?"

"Hajui mtu."

"Basi hajui mtu. Mwenzako wa akiba nimemwona. Mkono wako mmoja ni bora kuliko miwili yake." Akaondoka. Nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha, na kwa hiyo sikujiandaa kwa lolote.

Ijumaa ya kabla ya mechi, kati ya waliokusanyika bandani alikuwamo karani wa shule ya Ileje, mtu mzima aliyevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, ambaye alikuwa ameleta barua ya mwalimu mkuu wao kuhusu mahali pa kulala timu. Alisimama nyuma, akasikiliza Kiswahili cha Nyapara tangu punje ya kwanza hadi ya ishirini na mbili. Watu walimwacha ili asikie anavyotukanwa. Alipomaliza kusikiliza, alisema kwa adabu kubwa:

"Mzee, nimejifunza mengi. Nilikuwa nimesikia kwamba ungo wako hausemi uongo. Naona kwenu nyote ni wazima na kwetu wote ni wagonjwa, ila mmoja. Basi ni kama ungo wa mama yangu. Naye huona watoto wake tu ndio wazuri."

Mimi nilikuwa mlangoni, kati ya vijana. Namkumbuka Nyapara akiutazama ungo, si karani. Angeweza kutukanwa uzee, ukoo, hata ukonde wake, asijali. Hili lilikuwa jambo jingine; aliambiwa kwamba hachambui. Akageuka kidogo, akawapa wazee uso na karani mgongo, akaanza kusema kwa Kinyiha chetu, upesi upesi, ili mgeni asipate kitu. Akaitoa punje yangu mwisho wa safu na kuweka nyingine mahali pake, yenye tundu. Alisema: "Nimeona. Golikipa wetu ana tundu kushoto. Kifundo hakishiki. Mpira wa kushoto, wa chini, haupati. Haya, nani sasa atasema sitoi mbovu zangu?"

Karani alitabasamu kama mtu asiyeelewa, na kwa kweli hakuelewa. Akaaga, akaenda. Wazee waliahidiana kwamba neno hilo halitatoka mlangoni, nao, kwa ninavyojua, walitimiza.

Meza ya kahawa ilikuwa hatua nne kutoka hapo. Kwenye meza, kichwa kikiwa kimeinama, vidole vikiendelea, alikaa Mama Ambwene. Alikuwa Mndali wa Ileje, aliyeolewa kwetu. Alikuwa amechambua kahawa katika banda lile miaka kumi na miwili, amezaa kwetu, amezika kwetu, na Kinyiha chake kilikuwa hakina kasoro. Miaka hiyo yote watu wa milimani walitukanwa juu ya kichwa chake, kila Ijumaa ya mechi, naye akiendelea kutoa punje nyeusi. Kibona, adui mzuri, alikuwa mdogo wake. Jambo hilo lilikuwa halifichwi na mtu. Lilikuwa limesahauliwa tu, kama mtu anavyosahau kwamba mlango wa nyumba yake ulinunuliwa kwingine.

Habari za mechi ni fupi. Kuanzia mpira wa kwanza walipiga kushoto kwangu, chini. Hawakujaribu kulia hata mara moja, na kufikia mapumziko kila mtu uwanjani alikuwa ameliona hilo. Mbili ziliingia. Ya pili ilipigwa na Kibona, polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Nzunda hakunisemesha tulipotoka, na tangu siku ile mpaka tulipomaliza shule hakunisemesha tena. Kikombe kilipanda milimani kichwani mwa karani yule wa kaptula ya kaki, aliyekivaa kama kofia ili tukione mpaka anapotea.

Jumatatu Nyapara alikaa mbele ya ungo mtupu. Bandani walikuwamo walewale wa Ijumaa. Mimi nilikuwa mlangoni, mkono umefungwa kitambaa, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuuficha.

"Nilisema kwa Kinyiha," alisema. "Karani hajui Kinyiha, niliyatazama macho yake. Wazee hawa hawana mtu kule. Basi kuna aliyepeleka. Nani kati yetu ana mjomba milimani?"

Kaka wa mama yangu alikuwa amehamia Ileje miaka mingi nyuma, kufuata mashamba. Hakuna aliyetaja jina. Walinigeukia tu, mmoja mmoja.

Nimelirudia swali lile katika akili yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara nimekutana na jambo lilelile. Hakusema "nimeona". Hakusema "nimeambiwa". Kwa mara ya kwanza, mtu ambaye aliweka ukingoni kila asichokuwa na hakika nacho aliniweka katikati ya ungo bila chochote mkononi.

Nilikana, nikaulizwa kwa nini nilificha mkono. Ikasemwa kwamba golikipa ameuza kikombe. Mwalimu wa michezo aliniondoa katika timu kwa kosa la kuficha ugonjwa, ambalo lilikuwa kosa la kweli, na watu wakaichukua adhabu hiyo kuwa ushahidi wa lile jingine. Mtoni wanawake walimwuliza mama yangu kama mbuzi aliolipwa kaka yake wamezaa. Aliwajibu siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu alianza kuchota maji saa za mchana, wakati wa jua, kusipokuwa na mtu.

Msimu wa kahawa ulipokwisha nilikutana na Mama Ambwene njiani, na mzigo wake kichwani, akienda kumtazama mama yake. Akautua.

"Mwanangu," alisema, "ni mimi niliyempelekea mdogo wangu. Nilituma neno usiku uleule, kwa mtu aliyepanda kwenda kuipokea timu yao njiani."

Nilimwuliza kwa nini.

"Miaka kumi na miwili wamewasema ndugu zangu mbele yangu, kana kwamba mimi nimekufa. Hata mtu mmoja hajawahi kusema, 'Punguzeni, dada yao yuko hapa.' Siku ile walisema kwa Kinyiha ili mgeni asisikie. Mgeni alikuwa mmoja tu machoni pao, yule mwanamume. Nikasema, basi, leo nitakuwa hai." Alitengeneza kata yake kichwani. "Lakini wewe sikukukusudia. Nyapara nilimwambia Jumatatu ileile, banda lilipofungwa. Aliniambia niende nyumbani, atalinyoosha. Nikadhani amelinyoosha."

Nilimkuta Nyapara akipanga magunia matupu.

"Mama Ambwene amenieleza," nilisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Umejua tangu Jumatatu ile."

"Tangu Jumatatu ile."

"Uliuliza mbele ya watu. Sema mbele ya watu."

Alikunja gunia, akalikunjua, akalikunja tena. "Nikisema mdomo wangu ndio uliotufungisha, nani atakaa tena mbele ya ungo huu? Wewe una shule. Utaondoka, utakuwa mwalimu, watasahau. Mimi niondoke niende wapi?"

"Na mama yangu?"

Alichukua gunia jingine akaanza kulikunja. Ningeweza kusema mwenyewe. Lakini ukweli wangu haungefika kwa watu bila kupita kwa Mama Ambwene, na nilijua wangemfanya nini mama wa watoto wanne aliyekaa kati yao. Basi nililinyamazia. Mwaka uliofuata nilikwenda kusomea ualimu mbali, na niliporudi likizo nilizunguka njia ndefu ili nisipite bandani. Niliambiwa (nami naliweka hili ukingoni) kwamba aliendelea kuchambua mechi kila Ijumaa, lakini kwa Kiswahili kitupu, na kwamba kabla ya kuanza aliitazama kwanza meza ya wanawake.

Nilimwona kwa mara ya mwisho Tunduma. Mimi nilikuwa mwalimu wa miaka kadhaa, nimekwenda kuulizia vitabu vya shule, nikapita mtaa wa Chapwa, na nje ya duka la mshonaji nikaona kundi la watu limesongamana. Kesho yake timu ya vijana wa hapo ilikuwa icheze na timu ya ng'ambo ya mpaka, na maneno yalikuwa makali, kwa kuwa mashabiki wa pande zote mbili walikuwa hapohapo, bega kwa bega.

"Kipa wenu anadaka kama anafukuza nzi."

"Na wenu je? Yule ni mlingoti. Upepo ukimwachia, anaanguka."

"Mwacheni mzee aseme, mukwai," alisema mmoja wa ng'ambo kwa heshima ya kwao. "Sisi tumekuja kumsikia yeye."

Katikati ya kundi, juu ya kigoda, alikaa Nyapara. Alikuwa amezeeka upande mmoja zaidi ya mwingine. Ungo ulikuwa magotini. Kahawa hakuwa nayo tena, ila alikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa punje za zamani, zilizong'aa kwa kushikwa. Alikuwa amekwisha kupanga ishirini na mbili aliponiona.

Tulitazamana. Nilidhani angeinamisha uso. Badala yake alizikumba punje zote kwa kiganja, akazirudisha mfukoni, akaanza kupanga nyingine, polepole. Niliitambua ya kwanza kabla hajaiachia: ilikuwa ya mviringo.

"Nimeona," alisema. "Huyu ni Nzunda, nahodha. Huyu ni Kibona, wa milimani, adui mzuri." Akaendelea hivyo mpaka akafika mwisho wa safu yetu, akaweka punje iliyo nzima, isiyo na tundu. "Huyu ni golikipa. Alikuwa na mkono mbovu, nami nilimwahidi kunyamaza. Nikausema, ili nionekane mkweli. Wakatufunga. Kisha nikawauliza watu nani ana mjomba milimani, na watu wakamla. Nilipojua si yeye, sikusema." Akaingiza vidole mfukoni, akatafuta sana, akatoa punje ya ishirini na tatu, nyeusi, akaiweka katikati ya ungo, mahali pa mpira. "Huyu ni mimi. Nimeona."

Mama yangu alikuwa amezikwa miaka miwili nyuma. Kati ya waliosimama pale hapakuwa na hata mmoja aliyekuwapo bandani.

"Mzee, hiyo ni ya zamani," kijana mmoja alisema. "Tuambie ya kesho."

"Kwanza amalize," mwenzake alisema. "Huyo golikipa ni nani?"

Nyapara aliniachia swali lile, kama alivyokuwa akiweka punje mbele ya mtu na kungoja. Nilifikiri kuondoka, na nilikuwa na haki ya kuondoka. Nikainua mkono wangu wa kushoto juu ya vichwa vyao, kadiri unavyoinuka.